Ustahimilivu baada ya mshtuko wa kwanza wa moyo: nguvu, au kujikaza kisabuni?

Aliyenusurika mshtuko wa kwanza wa moyo hurudi nyumbani na dawa zake pamoja na hofu ambayo hakuandikiwa dawa. Usiku huamka akaweka vidole kwenye kifundo cha mkono kuhesabu mapigo, na kiungulia kidogo tu humfanya adhani yale yale yamerudi. Baadhi yao hutulia baada ya wiki chache, wengine hubaki wameganda. Uwezo huo wa kutulia na kuendelea na maisha huitwa ustahimilivu wa kisaikolojia, na kinachobishaniwa ni kama unaweza kujengwa, na kama ukijengwa utaulinda moyo.

Wanaoutetea wana hoja nzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 1993, uliofanyika Montreal kwa wagonjwa 222, ulionyesha kuwa waliopata sonona baada ya mshtuko walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufariki ndani ya miezi 6. Hilo si ajabu, kwani aliyekata tamaa husahau vidonge, hurudia sigara na huogopa hata kutembea.

Hata hivyo, kuituliza akili si lazima kuuokoe moyo. Jaribio kubwa la Marekani, ENRICHD, lililohusisha wagonjwa wapatao 2,500 na kuchapishwa mwaka 2003, lilipunguza sonona kwa tiba ya mazungumzo lakini halikupunguza vifo wala mishtuko mipya. Kinyume chake, jaribio la Uppsala nchini Sweden, lililochapishwa mwaka 2011 na kuwahusisha wagonjwa wa moyo 362, liliwakutanisha katika vikundi vidogo mara 20 kwa mwaka mzima, na matukio mapya ya moyo na mishipa yakapungua kwa asilimia 41. Jaribio hilo ni dogo, na wagonjwa wake hawakuchaguliwa kwa sababu ya sonona, kwa hiyo mizani haijalala upande mmoja. Lakini naona muda mrefu na kukaa na wenzao waliopitia yale yale vilichangia sana.

Wasiwasi wangu mkubwa ni kipimo chenyewe cha ustahimilivu. Dodoso la Connor na Davidson, la mwaka 2003, lina kauli 25 ambazo mgonjwa hujipimia mwenyewe. Anayejikaza kisabuni atajipa alama za juu, na ndiye huyo huyo anayeweza kuacha dawa miezi mitatu baada ya mshtuko kwa kuwa “amepona”. Kukana ugonjwa humtuliza mtu siku za mwanzo wodini, baadaye humgharimu. Isitoshe, tukiuhesabu ustahimilivu kuwa tabia ya mtu, anayeshindwa kuinuka hubebeshwa lawama juu ya ugonjwa, ilhali huenda hana mtu wa kumsindikiza hata kliniki.

Kwa hiyo daktari anayeuliza “unajisikiaje?” atajibiwa “vizuri” na wote wawili, aliyetulia na anayejificha. Amuulize mara ya mwisho alipanda ngazi lini bila kusimama kujishika kifua, vidonge vimebaki vingapi, na usiku akiamka humwamsha nani.