Tembo wa Tabora Si Dhahabu Chakavu

Wiki iliyopita, kwenye sherehe ya kumuaga bibi harusi, niliketi meza moja na mama aliyevaa kidani kilichonikatisha hamu ya pilau. Katikati ya mkufu, tembo amenyanyua mkonga, nyuma yake mlima, chini mwaka 1916 na herufi T. Wanaojua wamekwisha kujua; kwa wasiojua, ni sarafu ya dhahabu ambayo Wajerumani waliitengeneza Tabora wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Juu yake fundi alikuwa amechomelea kishikizo kinene kama sikio la sufuria, na sarafu yenyewe imesuguliwa mpaka uso wa tembo umefutika.

Mama mwenyewe mcheshi, hana kosa. "Shikamoo mama. Samahani, hicho kidani umekitoa wapi?"

"Marahaba mwanangu. Kwa sonara wangu Kariakoo. Alinipunguzia, maana alisema ni dhahabu ya chini, karati 18 tu."

Akaendelea kunisimulia, kwa furaha kabisa, kwamba sonara aliipata kwa kijana aliyekuja na vitu vya marehemu babu yake wa Tabora. Kijana akapimiwa kwa gramu. Akakatwa na karati. Akaenda zake.

Basi, hasira yangu ndiyo hiyo, na leo naimwaga.

Mizani ya sonara hujibu swali moja tu: hii ikiyeyuka, nitapata dhahabu kiasi gani? Ni swali halali kwa bangili iliyokatika. Kwa sarafu ya Tabora ni swali la kijinga, na lilikuwa la kijinga tangu siku ilipogongwa muhuri. Tupige hesabu, maana masonara wanapenda hesabu. Sarafu ile ni ya rupia 15. Uzito wake ni gramu 7.168, na kwa karati 18, yaani robo tatu dhahabu, dhahabu safi iliyomo ni gramu 5.376. Wajerumani waliihesabu sawa na mark 20. Sasa sarafu ya mark 20 ya kwao Ujerumani ilikuwa na dhahabu safi ya gramu 7.168. Umeona? Uzito mzima wa ile ya Tabora, pamoja na mchanganyiko wake, ndio uliolingana na dhahabu tupu ya ile ya Ulaya. Robo nzima ya dhahabu haimo, na bado mkoloni anakuambia pokea, ni ileile. Kwa hiyo hata mwaka 1916 aliyeipokea hakupokea dhahabu peke yake. Alipokea neno la serikali iliyokuwa mbioni.

Na kweli walikuwa mbioni. Manowari za Waingereza zimefunga pwani, fedha haiji kutoka Ulaya, noti zilizochapwa humu humu nchini watu wanazitazama kwa jicho la pembeni. Wakaigeuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha fedha. Shaba nyeupe na maganda ya mizinga yakawa sarafu ndogo ndogo za heller 20 na heller 5. Dhahabu ya Sekenke, kule Iramba, ikawa rupia 15. Zikatoka 16,198, za mihuri miwili inayotofautiana kidogo kwenye pambo la upande wa pili, wenye tai. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji na askari wao kutoka Kongo wakaingia Tabora, na mchezo ukaisha. Mgodi ni wa huku, reli ni ya huku, mikono iliyochimba ni ya huku, na yote yamefungwa katika kitu kidogo kuliko kifuniko cha soda. Halafu mtu anakuambia "dhahabu ya chini".

Kuna atakayesema: hiyo ni sarafu ya mkoloni, iyeyuke tu, tuitunze ya nini? Hoja hii inaniuma kuliko ya sonara, kwa sababu ina nusu ya ukweli ndani yake. Mpagazi aliyebeba mizigo ya vita ile hakulipwa tembo wa dhahabu. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wa pande zote mbili, kwa njaa, uchovu na kuhara damu, na hapo hapo Kariakoo anapofanyia kazi sonara wetu ndipo Waingereza walipowaweka kambini wale wa kwao. Askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku, nao walikaa na madai ya mishahara yao mpaka miaka ya 1960, wakiwa vikongwe, ndipo Ujerumani Magharibi ilipowalipa. Watu walizeeka wakidai! Ukiniambia kwamba sarafu hii inanuka jasho la watu wasiolipwa, nitakuitikia. Ndiyo maana sitaki ipotee.

Maana ukiyeyusha ushahidi, umemkomesha nani? Mjerumani? Yeye ndiye mnunuzi! Minada ya Ujerumani haiishi kumuuza tembo huyu, na akiwa katika hali nzuri, hajaguswa na fundi, bei hufika mara kadhaa ya dhahabu iliyomo mwilini mwake. Vitukuu vya waliokimbia Tabora wanamwekea tembo wetu kisanduku chenye kioo, sisi tunamchomelea sikio la sufuria na kumsugua uso.

Wapo wanaodhani kinachopandisha bei ni uchache tu. Hao watazame kwa jirani. Mwaka 1966 Kenya ilitoa sarafu za dhahabu kuadhimisha miaka 75 ya Mzee Kenyatta, mtu ambaye tarehe yake ya kuzaliwa hakuna aliyekuwa na hakika nayo, lakini sherehe ni sherehe. Ile ya shilingi 100 ina gramu 7.6 za karati 22, yaani dhahabu safi inayokaribia gramu 7. Zilitengenezwa 7,500, chini ya nusu ya zile za Tabora. Kwa hiyo ina dhahabu nyingi zaidi na idadi ndogo zaidi. Mpe sonara zote mbili, atalipa zaidi kwa Kenyatta bila kufikiri. Mpe mkusanyaji wa sarafu za kale, atampa Mzee heshima zake zote kisha atamkimbilia tembo. Ya Kenyatta ilizaliwa ili ikae kisandukuni, na nyingi zimekaa humo humo tangu siku hiyo. Ya Tabora haikutolewa kuadhimisha chochote. Ilitolewa kwa dhiki, na mkusanyaji hulipia dhiki hiyo. Linaweza kusikika kama jambo la ukatili, lakini mimi naona ana haki kuliko anayelipia kung'aa.

Haya, nikubali jambo moja ingawa silipendi. Kwa sarafu nyingi za kumbukumbu za siku hizi, zile zinazouzwa nje kwa mbwembwe, na cheti, na kisanduku cha mahameli, sonara yuko sahihi: thamani yake ni dhahabu iliyomo na nyongeza kidogo. Hata duma wetu wa mwaka 1974, shilingi 1,500, gramu 33.437, Nyerere upande mmoja na duma upande wa pili, iliyotolewa kwa ajili ya hifadhi ya wanyamapori. Naipenda sarafu ile, nadhani ni nzuri kuliko zote zilizowahi kubeba jina la Tanzania. Ila bei yake hutembea na bei ya dhahabu ya siku, haiiachi mbali. Mtu akikuuzia duma kwa bei ya tembo, muage kwa adabu uondoke. Riali za dhahabu za Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, sizitaji hata. Ukiwa nayo wewe huna haja ya kusoma blogu, una haja ya wakili.

Tembo bandia nao wamejaa, kwa hiyo mizani ninayoitukana tangu juu ina kazi yake: si kupanga bei, ni kukamata matapeli. Uzito ukienda mbali na gramu 7.17, anza kushuku. Usiisafishe, jamani, si kwa ndimu, si kwa majivu, si kwa dawa ya meno. Mkusanyaji anauona mkwaruzo ambao wewe huuoni, na kila mkwaruzo atakukata.

Mwenye sanduku la babu, kabla hujapanda daladala kwenda popote, piga picha pande zote mbili, pima, andika, kisha uliza watu zaidi ya mmoja, na wasiwe wote masonara wa mtaa mmoja wanaokunywa kahawa pamoja. Ukinitumia picha nitakujibu bure. Ila senti hamsini ya sungura si dhahabu, haijawahi kuwa dhahabu, na hakuna Mzungu anayeitafuta kwa milioni kumi, hata kama ujumbe umesambazwa mara mia kwenye WhatsApp ya ukoo.