Bayleaf: nyumba iliyovuliwa dohani yake

Katika miaka ya 1960, bonde la Bough Beech huko Kent, Uingereza, lilitengwa liwe bwawa la maji. Nyumba ya wakulima iitwayo Bayleaf, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 15, ilikuwa ndani ya eneo hilo. Ikafunguliwa mbao kwa mbao na kusimamishwa upya Singleton, Sussex, kwenye makumbusho ya Weald and Downland. Kuihamisha sina ugomvi nako, maji yangeimeza. Ugomvi uko kwenye hatua iliyofuata: haikurudishwa kama ilivyokutwa, bali kama inavyoaminika ilikuwa mnamo 1540. Dohani na sakafu ya ghorofa iliyokatiza ukumbi wa katikati, vilivyoongezwa baadaye, vikaachwa nje.

Wanaotetea uamuzi huo wana hoja nzito. Ukumbi wa katikati hauna dari; unatazama juu hadi kwenye kenchi. Moto uliwashwa sakafuni katikati, na moshi ukajitafutia njia kwenye matundu ya ncha za paa. Upande mmoja wa ukumbi ni kwa mwenye nyumba, na ng'ambo yake kuna stoo mbili za vyakula na vinywaji. Vyumba vya ghorofani vya pande zote mbili vimechomoza mbele, ukumbi umebaki nyuma, na paa moja limefunika vyote. Weka sakafu ya ghorofa katikati ya kimo cha ukumbi huo, na mgeni hataelewa kwa nini nyumba ina umbo hilo.

Wala mafundi hawakubuni hovyo. Fremu ni ya mwaloni, ulimi wa mbao ukiingia kwenye tundu na kukazwa kwa kigingi. Tundu lililobaki tupu linaonyesha palipokuwa na nguzo au dirisha.

Lakini tangu 1877, William Morris, msanii na mwandishi Mwingereza, na wenzake walipoanzisha chama cha kulinda majengo ya kale, kumekuwa na onyo: ukilirudisha jengo kwenye enzi moja, unafuta enzi nyingine zote. Kwa Bayleaf onyo hilo linauma. Miaka ambayo watu waliishi humo na dohani ni mingi kuliko ile waliyokohoa moshi. Na kwa nini 1540, ilhali nyumba ilikuwa na zaidi ya miaka 100 tayari?

Mimi naegemea upande wa makumbusho, kwa sababu moja tu: Kent bado ina nyumba nyingi za aina hii zenye dohani na ghorofa zilizoongezwa, na watu wanaishi humo. Moja ikitolewa ifundishie, hasara inavumilika. Nyumba iliyosimama kwenye ardhi yake ni habari nyingine. Huko mwenye nyumba anayebandua lipu ya chokaa ili mbao zionekane, kisha akaziba nyufa kwa saruji, anafungia unyevu ndani ya mwaloni na kuuozesha. Tena ule weusi wa mbao anaousaka, kwa sehemu kubwa, ni mtindo wa karne ya 19.