Padres hawakuibiwa: biashara ya Juan Soto ihesabiwe hadi mwisho

Mashabiki wa besiboli wakianza kutaja mabadilishano mabaya ya miaka ya karibuni, A.J. Preller, meneja mkuu wa San Diego Padres, hakosi kutajwa. Shtaka lake ni la tarehe 2 Agosti 2022. Siku hiyo aliwachukua Juan Soto na Josh Bell kutoka Washington Nationals, akatoa CJ Abrams, MacKenzie Gore, James Wood, Robert Hassell, Jarlin Susana na Luke Voit. Soto akakaa mwaka mmoja na miezi kadhaa, kisha akapelekwa New York Yankees.

Wanaoipa Washington ushindi wana hoja nzito. Soto, akiwa na miaka 23, alikuwa amekataa dola milioni 440 za miaka 15, na mwisho wa 2024 angekuwa mchezaji huru, yaani asiye na mkataba na awezaye kujiunga na timu yoyote. Kumng'ang'ania kungewaacha karibu mikono mitupu. Abrams aliitwa kwenye mechi ya nyota wa ligi, All-Star, 2024, Gore na Wood wakafuata 2025, na Wood alipiga homurani (mapigo yanayoutoa mpira nje ya uwanja) 31 msimu huo.

Tatizo ni kwamba daftari la San Diego hufungwa mapema mno. Oktoba 2022, kwenye mchujo (hatua ya mtoano baada ya msimu wa kawaida), Padres waliitoa Los Angeles Dodgers, timu iliyoshinda mechi 111. Katika mechi ya nne kati yao walikuwa nyuma 3-0 hadi awamu ya saba kati ya tisa, na hiti (pigo linalomfikisha mpigaji kwenye besi) iliyosawazisha 3-3 ilikuwa ya Soto.

Lawama zinatokana na 2023: kushinda 82, kupoteza 80, kukosa mchujo. Lakini timu hiyo ilipata pointi 752 na kuruhusu 648. Tofauti ya 104 kwa kawaida huleta ushindi zaidi ya 90. Katika mechi zilizoamuliwa kwa pointi moja, walishinda 9 tu kati ya 32. Zilizofika awamu za nyongeza, 2 kati ya 14. Mechi za namna hiyo huamuliwa na warushaji wa akiba, mpira mmoja uliodunda vibaya, na bahati. Laiti zile 32 wangezigawana nusu kwa nusu, wangefika 89, na mwaka ule Arizona iliingia mchujo kwa ushindi 84 ikafika fainali ya World Series. Soto mwenyewe alicheza mechi zote 162, akapiga homurani 35 na kupewa besi bure, kwa sababu ya mirusho mibaya, mara 132. Kumbebesha yeye, au aliyemleta, mzigo wa mechi za pointi moja si haki.

Hata kuondoka kwake kulikuwa na sababu. Mei 2023 kampuni iliyoonyesha mechi zao iliacha kuwalipa, Novemba mmiliki Peter Seidler akafariki, na bajeti ya mishahara ikabidi ishuke. Soto, ambaye mshahara wake wa 2024 ulifika dola milioni 31, alipelekwa New York pamoja na Trent Grisham. Wakaja Michael King, Drew Thorpe, Jhony Brito, Randy Vásquez na Kyle Higashioka. Machi 2024 Thorpe akawa sehemu ya malipo ya kumpata mrushaji Dylan Cease kutoka Chicago White Sox.

Mnyororo huo ndio usiohesabiwa. Mwaka 2024 King, naye mrushaji, aliwatoa wapigaji 201 kwa straiki (mirusho mitatu waliyoshindwa kuipiga), Cease 224. Tarehe 25 Julai Cease aliinyima Washington hiti hata moja, tena uwanjani kwao. Padres walishinda 93, wakaisukuma Dodgers hadi mechi ya tano, ya mwisho, katika raundi yao ya mchujo.

Washington ilishinda 71, 71 na 66 kati ya 2023 na 2025, na Julai 2025 Mike Rizzo, meneja mkuu wake aliyeifanya biashara ile, akafukuzwa. Kwa vipaji ghafi bado wao ndio walipata zaidi. Wood peke yake anatosha kusema hivyo. San Diego walinunua ushindi wa haraka, na sehemu kubwa waliupata. Kosa la wazi la Preller ni Bell: alipiga wastani wa .192 akiwa Padres, yaani hiti chini ya moja katika kila majaribio matano, akaondoka msimu ulipokwisha.