Zimeni injini pale Simba Kopjes

Gari linafika Simba Kopjes, miamba iliyochomoza katikati ya tambarare ya Serengeti, wageni wanatazama juu ya mwamba, hawaoni simba, linaondoka. Dakika tatu. Watu wamekula vumbi tangu Ngorongoro, halafu mahali pazuri namna hii panarukwa kwa sababu redio ya madereva imeita Seronera, katikati ya hifadhi. Inauma.

Najua, geti la Naabi, la kuingilia hifadhini, linahesabu saa 24 za kibali, na wageni wanamsukuma dereva. Sawa. Dakika 40 bado zinapatikana.

Kosa kubwa ni kusogeza gari hadi chini ya mwamba. Pimbi mmoja, yule mnyama mdogo wa miambani, anapiga ukelele, wote wanazama kwenye nyufa, na wageni wanaambiwa hakuna kitu. Simama mita 30 hivi, jua likiwa mgongoni, zima injini, acha kubamiza milango. Baada ya robo saa au zaidi kichwa kimoja kitachungulia, kisha kingine. Fika asubuhi na mapema, maana mwili wa pimbi haumudu kujipasha joto vizuri, hivyo huanza siku kwa kuota jua. Jua likikaza wanahamia kivulini. Michirizi myeupe kwenye jiwe ni mkojo wao uliokauka, elekeza darubini hapo kwanza. Msubiri mmoja apige mwayo: meno mawili ya juu yamechongoka, nayo hukua maisha yake yote, kama pembe za tembo, ambaye ni jamaa yake kweli.

Pimbi wakikodolea macho angani, tafuta tai. Wakitazama nyasini bila kutikisika, huenda mwindaji yupo, usiwashe gari!

Gorong'ondwa dume, mjusi wa kichwa chekundu na mwili wa buluu, utamwona bila shida.

Kushuka garini na kupanda mwamba ni marufuku, na sababu ipo: simba jike huficha watoto kwenye nyufa hizohizo. Jiwe kuonekana tupu si ushahidi wa chochote.

Tazama na miti. Tambarare ile ni majivu ya volkano yenye tabaka gumu chini, mizizi ya miti haipenyi. Mwambani maji ya mvua hujikusanya nyufani, ndiyo maana mkuyu unasimama pale peke yake.

Mchana joto la jiwe hutetemesha hewa, picha za mbali zinatoka na ukungu hata lenzi iwe ghali vipi. Ratiba ikibana, kuleni Naabi haraka, kisha muda wote uliobaki upeni mwamba mmoja tu.