Babu Hakufa, na Ile UG Ilitokana na Maji

Wadau, najua mmeshaiona. Ile video fupi yenye kicheko cha mshikaji wangu nyuma ya kamera na maandishi "Jamaa kamchakata babu yangu Idi Mosi". Ilianzia kwenye kundi letu la WhatsApp, ikaenda kwa mashemeji, na jana imenirudia kupitia kwa mtu niliyesoma naye madrasa ambaye siku hizi yuko Oman, ananiuliza kwa upole kabisa kama kesi ipo polisi au imemalizwa kifamilia.

Hakuna kesi. Babu ni mzima. Leo asubuhi nimepishana naye akienda sokoni, nikampa shikamoo, akaniangalia akapita. Kwa hiyo ni mzima na kumbukumbu anazo.

Mnaonifuata tangu zamani mnaijua modi ya korona, rukeni hapa. Wageni: korona ni mashine ya kuchakata majani ya mkonge, modi ni nyongeza unayoitia kwenye gemu, na mimi natengeneza kiwanda cha mkonge ndani ya Minecraft, ile gemu ya kompyuta ya kujenga. Nimekulia Korogwe, kila upande ukitazama ni mkonge, halafu ukiingia kwenye gemu unakuta watu wametengeneza matanuri ya chuma, mitambo ya mvuke, mashine za kusaga mawe, na hakuna anayekumbuka kwamba mwaka 1964 nchi hii ilitoa zaidi ya tani 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge. Nikasema nitaitengeneza mimi. Na siyo lile boksi moja lenye kitaa chekundu, unatia jani huku unatoa kamba kule. Nataka korona yenyewe: meza ya kulishia, minyororo, dramu mbili, mfereji wa mabaki, waya za kuanikia, hadi robota la kilo 250.

Mtaalamu wangu alikuwa Babu. Ni babu wa mshikaji, lakini huku kwetu babu wa mwenzio ni wako. Aliingia koronani miaka ya 1960 akiwa kijana, akatoka na mvi. Nilipompelekea toleo la kwanza kwenye laptopu, nimeliwekea rangi mpaka kutu, alitazama jani likiingia ncha mbele, akasema, "Hiyo raspado." Nikauliza raspado ndiyo nini. Akasema ni kimashine kidogo, mtu unashika jani kwa mkono, unaingiza upande mmoja, unavuta, unageuza. "Korona jani linaingia kwa ubavu, mjukuu wangu. Linabanwa katikati. Dramu ya kwanza inasafisha nusu, mshiko unahamia kwenye nusu iliyosafishwa, dramu ya pili inamalizia. Na hivyo visu umevinoa vya nini? Kisu cha korona hakikati, kinapiga. Ukikinoa unakata singa, na bwana shamba anakukata wewe."

Nikarudi nyumbani nikafuta kila kitu.

Kuna jambo jingine alilisema siku ile, na naomba mlishike maana ndilo lililonifikisha hapa. Alisema, "Korona haichagui. Jani, mkono, shati, vyote kwake ni mzigo. Kanzu haisogei karibu ya korona." Mimi nikaandika kwenye daftari: KORONA HAICHAGUI. Nikaenda kuliingiza kwenye programu hivyohivyo. Chochote kitakachokanyaga meza ya kulishia kinabanwa, kinalazwa kwa ubavu, kinapelekwa. Nilijaribu kwa kondoo. Kondoo akatoa singa za mkonge, nikajipongeza nikaenda kulala.

Mtauliza kwa nini sikujaribu kwa mtu. Nilijaribu! Nimepita kwenye dramu zile usiku kucha huku nakunywa chai. Ila nilikuwa kwenye ile hali ya mjenzi, ambayo mchezaji hadhuriki. Unalazwa, unapita, unatokea upande wa pili mzima, hata kofia haijakaa upande. Na kwa kuwa nilichoka kutembea kutoka mbali kila nikifungua gemu, nilihamisha mahali pa kuanzia. Nikapaweka juu ya meza ya kulishia.

Soma tena sentensi hiyo taratibu. Mshikaji yeye alishaisoma, ndiyo maana anacheka vile kwenye video.

Sasa Idi Mosi. Baada ya alasiri, sebuleni kwa Babu, mapazia yameshushwa, projekta ya kuazima inamulika ukutani. Kwenye mkeka wajukuu, kwenye viti wazee watatu waliofanya naye kazi, wamekuja na fimbo zao kuona korona kwenye kompyuta. Mshikaji alikuwa ametengeneza akaunti mpya ya mgeni wa heshima, jina Babu_Korona, na ngozi ya mhusika, yaani sura na mavazi yake kwenye gemu, ameichora mwenyewe: ndevu nyeupe, kofia ya mkono, kanzu. Babu ndiye aliyesisitiza kanzu. Idi hiyo.

Kabla hawajakaa nilikuwa nimewasha mtambo ili waukute unanguruma. Laptopu ilikuwa inakwama, nikazima maji ya kuoshea ili ipumue. Nikabadilisha hali iwe ya mchezo wa kawaida, Babu aweze kuokota majani kwa mkono na kufunga mizigo ya majani thelathini thelathini kama wakata mkonge wanavyofunga. Nikageuza kamera ionekane kwa nje, watu wamwone Babu mwili mzima. Nikasema Bismillah. Nikabonyeza ingia.

Babu_Korona akatokea juu ya meza.

Wajukuu walipiga makofi. Mnyororo ukashuka, ukambana kiunoni. Hapo mimi nilishaelewa, ila mkono haukuelewa. Nikawa nabonyeza vitufe vya kutembea, vyote, mbele nyuma kulia kushoto, na programu yangu mwenyewe inanikumbusha kwamba mzigo uliobanwa hautembei. Babu akalazwa kwa ubavu, polepole, kwa ule mwendo laini niliokesha nikiuchora, kanzu ikaning'inia upande mmoja na kofia upande wa pili. Sebule ikanyamaza. Ukutani mzee mzima, urefu wa dari, analala mbavumbavu kuelekea kwenye dramu.

"Kwa ubavu," Babu akasema kwenye kiti chake. "Safi. Wameona? Kwa ubavu."

Dramu ya kwanza ikamfikia kwenye miguu. Sasa, kwa kawaida gemu hii ukipigwa inakupa nusu sekunde ya kutoguswa tena. Mimi niliiondoa huruma hiyo kwa makusudi, kwa sababu visu vya korona havisubiri. Mioyo kumi ya uhai ikashuka: tisa, nane, saba, sita, tano. Ikaishia hapo. Nilikuwa nimepanga dramu ya kwanza ichukue nusu kamili, maana dramu ya kwanza husafisha nusu.

Halafu mtambo ukatulia kidogo, maana ndipo unapohamisha mshiko. Mnyororo mmoja unaachia, mwingine unabana, na katika utulivu ule Babu_Korona amening'inia hewani kwa mioyo mitano, uso umetuelekea sisi tuliokaa. Mjukuu mdogo akauliza, "Babu anaenda wapi?" Hakuna aliyemjibu. Babu aliinuka kidogo kwenye kiti, akaelekeza fimbo ukutani, akawaambia wenzake, "Hapo anageuza mshiko. Tazama. Tazama! Vizuri kabisa, hata kule kwetu ulikuwa unakwama."

Dramu ya pili ikamaliza kazi.

Skrini ikawa nyekundu. Maandishi ya modi yote nimeyaandika kwa Kiswahili, wadau mnajua msimamo wangu, kwa hiyo ukuta mzima wa sebule ukasomeka:

UMEFARIKI
Babu_Korona amechakatwa na korona

Na chini yake kitufe kikubwa cha kijivu: FUFUKA.

Mzee wa kulia akasema astaghfirullah. Nikamwambia Babu haraka haraka kwamba ni kubonyeza tu hapo, anarudi. Akaivuta fimbo yake mapajani. "Mimi sifufuki kwa kubonyezwa," akasema. Na angenisikiliza mtu yeyote pale, tungeishia hapo kwa heshima. Lakini kitoto kimoja kikatambaa kikagonga kile kitufe.

Na mahali pa kuanzia, kama nilivyosema, ni juu ya meza ya kulishia.

Akabanwa. Akalazwa. Nusu ya kwanza, mshiko, nusu ya pili. UMEFARIKI. Watoto wakapiga kelele "Tena!" na kitoto kikagonga tena. Kwenye kona ya skrini ile sentensi ikaanza kujipanga mistari kwa mistari, Babu_Korona amechakatwa na korona, Babu_Korona amechakatwa na korona, inapanda juu ukutani. Mimi naipigania laptopu, wajukuu wameizunguka. Mshikaji, ambaye babu anayechakatwa ni wake wa damu, ameshika simu kwa mikono miwili isitikisike.

Ndipo Bibi akaingia na sinia la vitumbua.

Bibi haoni vizuri kwa mbali, lakini yale maandishi niliyaweka makubwa. Akasoma jina la mumewe. Akaona kanzu aliyoipiga pasi mwenyewe asubuhi ikiingia kwenye dramu. Sinia likaenda chini, na ule ukunga aliopiga, "Uuuwi!", ukavuka ukuta ukaenda mpaka nyumba ya tatu.

Mimi nikaruka kuchomoa waya. Nikachomoa wa projekta.

Giza. Picha hakuna, ila laptopu bado inaunguruma, kitoto bado kinabonyeza, na kila baada ya muda kunasikika ile sauti ya mchezaji kuumia, "Uh!", halafu kimya cha kuhamisha mshiko, halafu "Uh!" nyingine. Mlangoni wameshafika majirani. Wamevua viatu. Mama mmoja tayari amejifunga khanga kichwani, anatuambia poleni sana, ilikuwaje. Na kutoka gizani Babu mwenyewe anamwitikia, "Tumeshapoa, mwanangu. Ni korona tu." Ambalo, baada ya ule ugonjwa wa korona wa miaka ya karibuni, ndilo jibu baya kuliko yote unayoweza kumpa jirani akikuuliza mtu kafa na nini. Wawili walirudi nyuma hatua kadhaa.

Mkonge wenyewe aliuleta Mjerumani mmoja, Hindorf, mwaka 1893. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62, na hiyo ndiyo iliyozaa mashamba yote haya. Mimi nilipewa babu mmoja tu.

Basi, pazia likafunguliwa, Bibi akaonyeshwa mumewe, akampapasa, akakaa. Mnadhani hapo ndipo nilipoaibika. Video ya mshikaji inaishia hapo, ndiyo maana mnaniandikia pole. Hiyo aliyowakatia ni nusu.

Babu alitulia, akanywa maji, akaomba projekta iwashwe tena. Akasema mtu hawezi kuchakatwa mara zote hizo asitoe mazao, anataka kuyaona. Wazee wenzake wakaitikia, kweli, mazao yako wapi. Nikafungua sanduku la mwisho wa mtambo. Jani la mkonge hutoa singa kama asilimia 4 ya uzito wake, kwa hiyo hesabu yangu inachukua asilimia 4 ya uhai wa kinachoingia. Mchezaji ana alama 20 za uhai, mbili kwa kila moyo, inakuja 0.8, programu inakadiria moja. Babu mzima, singa moja kila alipopita. Hilo alilimeza. Alisema hata jani zuri halina kitu, maji tu.

Halafu kishale cha kipanya, ambacho sikukishika mimi, kikapita juu ya ile picha ya singa, na jina la zao likatokea:

Singa za Mkonge – UG

Kwa msiotoka kwenye mashamba: mkonge una madaraja, na UG iko kule chini, jirani na makapi. Mzee wa kulia alianza kucheka kabla hajamaliza kusoma. Wa kati akafuata. Yule wa tatu alipiga fimbo sakafuni, machozi yanamtoka, anarudia "UG! Miaka yote ile, UG!"

Babu hakucheka. Alinigeukia, na sauti ilikuwa ya chini sana. "Kijana. Daraja la kwanza ni futi tatu kwenda juu. Mimi nina futi tano na nusu. Kanzu nyeupe, ndevu nyeupe. Hiyo UG umeitoa wapi?"

Nikamweleza kwamba ni maji. Nilizima maji kwa sababu laptopu ilikuwa inakwama, na singa isiyooshwa inabaki na utomvu, rangi inaharibika, programu inaishusha daraja yenyewe. Ni uhalisia, Babu, wewe ndiye uliyenifundisha. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ulinichakata bila maji," akaondoka kwenda kutia udhu.

Yaliyofuata ni mafupi. Vitumbua vimelipwa. Mahali pa kuanzia nimepahamishia ofisini kwa karani, mbali kabisa. Kitufe sasa kinasema RUDI. Jirani ameelezwa ni korona ipi. Mshikaji amegoma kufuta video, anasema imempatia wafuasi.

Jana usiku Babu alimtuma mjukuu na masharti. Maji yarudishwe, pampu iwe ya kweli siyo ndoo, kisha Babu_Korona apitishwe upya mbele ya wazee walewale, na daraja lisomwe kwa sauti. Bibi amesema siku hiyo yeye atakuwa Tanga mjini. Mimi nahangaika na pampu, kwa hiyo toleo la kupakua litachelewa kidogo, na nawaomba sana, mliokwisha kunitumia picha za babu zenu na urefu wao kwa futi, mwache.