Kiraka juu ya kiraka

Ni mara ngapi mtu atapanda juu ya nyumba kuziba tundu lile lile? Juzi nimeziba kwa lami juu ya kitanda cha watoto, jana mvua ikahamia jikoni, na leo sufuria tatu ziko sakafuni, maji yakilia ndo, ndo, ndo usiku kucha. Fundi anasema nibadilishe bati moja tu. Lipi, ikiwa moshi wa volkano ya Nyiragongo unaitia mvua yetu asidi, na ukiligusa bati penye msumari kutu inabaki kidoleni kama unga wa mtama? Wana Goma mnaosogeza magodoro usiku, niambieni: kiraka kitashika wapi, ikiwa bati lenyewe limeliwa? Sizibi tena. Naezeka upya, hata ikibidi chumba kimoja kimoja.