Ngano za Waingereza za Joseph Jacobs: Kuhariri au Kughushi?

Mwaka 1890 Joseph Jacobs, Myahudi aliyezaliwa Sydney, Australia, na kuhamia Uingereza kwa ajili ya masomo, alichapisha London mkusanyiko wa ngano 43 za Waingereza, ukiwa umepambwa kwa michoro ya John D. Batten. Mkusanyiko wa pili ulifuata baada ya miaka michache, na jumla ya mikusanyiko yote miwili ikawa ngano 87. Watoto wa Uingereza wakati huo walilelewa kwa hadithi za Perrault wa Ufaransa na za ndugu wawili Grimm wa Ujerumani, hata ikadhaniwa kwamba Waingereza hawana ngano zao wenyewe. Jacobs alitaka kuiondoa dhana hiyo, na kwa kiasi kikubwa alifanikiwa: Jack na mharagwe wake, pamoja na nguruwe wadogo watatu, wanajulikana leo duniani kote kwa sura inayokaribiana sana na ile aliyowapa yeye.

Swali ambalo wachambuzi hawajaacha kubishania ni kama kitabu hicho kimebeba sauti za watu wa kawaida wa Uingereza au sauti ya Jacobs mwenyewe.

Wanaomlaumu hawakosi ushahidi. Ngano inayofungua kitabu, ya kijishetani Tom Tit Tot anayemsokotea msichana nyuzi, ilichapishwa gazetini mwaka 1878 kwa lahaja nzito ya mkoa wa Suffolk, naye akailainisha ili isomeke na mtoto yeyote. Molly Whuppie, msichana anayemshinda zimwi kwa akili, ametoka Scotland, na kumwita Mwingereza ni kujitanulia mipaka. Zipo pia tenzi za kale zilizogeuzwa kuwa hadithi za nathari. Kwa mtafiti hayo ni makosa makubwa, kwa kuwa neno likishabadilishwa msimulizi hawezi kurudi kulidai. Tena njia nyingine ilikuwepo: miaka 20 kabla yake, katika London hiyohiyo, Edward Steere alichapisha hadithi alizozikusanya Zanzibar huku akiyaweka maneno ya Kiswahili ya wasimulizi ubavuni mwa tafsiri yake.

Hata hivyo, Steere hakuwa akimwandikia mtoto anayesubiri kusomewa kabla ya kulala, na hapo ndipo hoja ya upande wa pili inapopata nguvu. Jacobs alitaka kitabu kisikike kama yaya mzee anaposimulia, na lahaja iliyonakiliwa herufi kwa herufi ingemkwamisha msomaji wa mikoa mingine tangu ukurasa wa kwanza. La muhimu zaidi ni kwamba hakuficha alichokifanya. Mwishoni mwa kitabu, baada ya tangazo la mtindo wa mpiga mbiu linalowaonya watoto wasiendelee kusoma, aliweka maelezo ya kila ngano: ilikotoka, inafanana na zipi za nchi nyingine, na yeye amegusa wapi.

Mfano bora ni Jack. Katika toleo la Benjamin Tabart la mwaka 1807, mwanamke wa kimalaika anamweleza Jack kuwa zimwi ndilo lililomuua baba yake, hivyo kuiba dhahabu, kuku na kinubi kunakuwa kujirudishia haki. Jacobs, aliyeisikia ngano hiyo utotoni Australia bila mwanamke huyo, alimwondoa, akieleza kuwa anawaamini wasomaji wake wadogo kuliko wanavyoaminiwa na waliotangulia. Jack akabaki mwizi mjanja anayefichwa kwenye jiko la kuokea na mke wa zimwi, kisha anamlipa mama huyo kwa kumfanya mjane. Mimi naona uamuzi huo ulikuwa sahihi. Sababu iliyobandikwa baadaye inaifanya ngano iwe hotuba, na mtoto huitambua hotuba upesi. Kwa mantiki hiyohiyo nguruwe wawili wa kwanza wanaliwa kweli, naye wa tatu, aliyejenga kwa matofali, anamchemsha mbwamwitu na kumla. Wanaotaka wote wapone wanaondoa hatari ambayo ndiyo inayoipa nyumba ya matofali maana.

Kuhusu michoro nasitasita zaidi. Kazi ya Batten ni ya mistari ya wino mweusi, na inaliachia zimwi sehemu ya kutisha ambayo msomaji ataijaza mwenyewe. Arthur Rackham, aliyechora kwa ajili ya mkusanyiko wa Flora Annie Steel wa mwaka 1918, ana rangi na miti iliyopindapinda inayovutia kuliko maneno yaliyo kando yake. Kama mchoraji namweka Rackham juu. Kama mwenzi wa msimulizi, Batten hana mpinzani, tena alikuwa na masikio: ngano ya mbweha anayeingia katika ngome ya dubu watatu, iliyomo katika kitabu cha pili, ni yeye aliyeinukuu kutoka kwa mwanamke aliyeisikia kwa mama yake.

Tatizo kubwa zaidi liko kwa wachapishaji wa baadaye wanaobakiza ngano na kuyaondoa maelezo ya mwisho. Bila kurasa hizo, ruhusa aliyojipa Jacobs inageuka kuwa udanganyifu ambao yeye hakuutenda, na msomaji anayekutana na kikongwe katika nyumba ya dubu watatu, kama alivyoandikwa na Robert Southey mwaka 1837, atadhani mhariri amekosea, kumbe msichana mwenye nywele za dhahabu wa matoleo ya leo ndiye aliyeingia baadaye.